Domeni ndefu, domeni fupi, na ile inayokaa mdomoni

"Fundi, hiyo 'za' ni moja au mbili?"

Swali hili nimeulizwa kwenye simu mara nyingi hadi nikawa nalijibu kabla halijatoka. Domeni yangu ya kwanza, yaani anuani ya tovuti yangu, ilikuwa ukarabatiwacherehanizazamani, kisha nukta, kisha com. Herufi 28 kabla ya nukta. Mteja ameshika kalamu upande wa pili, mimi namtajia polepole: ukarabati, wa, cherehani, za, zamani, yote yameshikana, hakuna nafasi. Kimya. Halafu linakuja hilo la "za". Ni mbili, mama, ya kwanza ni "za" yenyewe, ya pili ni ya "zamani". Kimya tena. "Na cherehani unaandika kwa e au kwa a?"

Hapo nilikuwa naishiwa pumzi. Mimi naandika cherehani. Wapo wanaoandika cherahani, wapo wa charahani, na kila mmoja anaona wenzake ndio waliokosea. Kwenye daftari haidhuru kitu, tunaelewana. Kwenye domeni, ukibadilisha irabu moja unafika kwa mtu mwingine au hufiki popote.

Juzi rafiki yangu anayefanya kazi ya ngozi kaniuliza: anafungua tovuti, achukue jina refu linalojieleza au fupi linaloingia kichwani haraka? Nikaanza kumjibu kwa ujumbe wa simu, ukarefuka, nikaona niuhamishie hapa. Nimepitia majina matatu kwa tovuti moja, kwa hiyo nina deni la kueleza.

Lile refu sikulichagua kwa uzembe. Nilikuwa nimesoma makala iliyoshauri kwamba maneno ambayo watu wanayatafuta uyaweke ndani ya domeni yenyewe, injini za utafutaji zitakupandisha juu. Zamani ushauri huo ulikuwa na maana. Ila mwisho wa Septemba 2012 Google walitangaza badiliko la kuzipunguzia nguvu tovuti hafifu zilizokuwa zinapanda kwa sababu tu domeni yao ilifanana neno kwa neno na kilichotafutwa. Mimi nilisajili yangu miaka kadhaa baada ya hapo. Nilikuwa nafuata ushauri uliokwisha kuzikwa, na makala haikuwa na tarehe.

Halafu kuna jambo ambalo makala ile, iliyoandikwa na mtu wa Kiingereza, isingeweza kunionya. Kiswahili kina hivi viunganishi vidogo, wa, ya, za, la, cha, na ukiondoa nafasi vinaganda na jirani yeyote. Angalia tena jina langu. Jicho halisomi "ukarabati wa". Linasoma "ukarabatiwa", kitenzi kabisa, kana kwamba ni wewe msomaji unayekarabatiwa. Baada ya hapo linakuja "cherehani" limesimama peke yake, kisha "zazamani", ambalo halijulikani ni nini. Rafiki wa ngozi anataka "kazi za ngozi". Iandike pamoja: kazizangozi. Mimi naona "kazi zangu" iliyokosewa.

Na irabu zikikutana ndiyo hatari zaidi. "Habari za anga" inakuwa habarizaanga, a mbili mfululizo, na nusu ya watu wataandika moja kwa sababu mdomoni inasikika kama moja ndefu. Watu wa Kiingereza nao yaliwakuta: tovuti ya Experts Exchange ililazimika kuweka kistari katikati, kwa kuwa bila kistari maneno yale yalikuwa yanakatika pabaya na kusomeka kama huduma ya kubadilisha jinsia. Kistari kinasaidia jicho. Sikio hakilisaidii hata kidogo. Jaribu kumwambia mtu "kistari" kwenye simu uone: mmoja ataweka kile cha chini, ambacho hata hakiruhusiwi kwenye jina la tovuti, mwingine ataandika neno "kistari" lenyewe. Nimeona kwa macho yangu.

Kwa wanaopenda kujua mipaka iko wapi: kipande kimoja cha domeni, yaani kati ya nukta na nukta, hakizidi herufi 63. Namba hii ilinisumbua, mbona isiwe 60 au 64, mpaka nilipofungua maelezo ya mfumo wenyewe wa majina ya domeni. Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983, na maelezo yanayotumika hadi leo yalitoka 1987. Kila kipande kinatanguliwa na baiti moja inayosema urefu wake. Baiti ina biti nane, yaani nafasi nane za 0 au 1, lakini mbili za juu zimetengwa kwa kazi nyingine, ya kufupisha majina yanayojirudia ndani ya ujumbe. Zinabaki sita, na biti sita zinahesabu kuanzia 0 hadi 63. Basi. Ni fundi mwenzetu aliyebana nafasi, hakuna siri. Wales kuna kijiji chenye jina la herufi 58, Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch, na kinaenea chote ndani ya domeni bila kukatwa. Mimi na 28 zangu nilikuwa sijafika hata nusu ya njia.

Ila mfumo kuruhusu na watu kuweza ni mambo mawili. Anuani yangu ya barua pepe ilikuwa na jina langu, kisha ile alama, kisha hizo herufi zote. Kuna fomu moja niliijaza mtandaoni, sanduku lake likakata mwisho wa anuani bila kunitaarifu, nikasubiri jibu wiki mbili. Stika ya kubandika chini ya mashine ilibidi iandikwe kwa herufi ndogo kama chawa. Na kwenye simu, kivinjari kina upau mwembamba juu, jina refu halionekani lote. Wezi wa mtandaoni wanalijua hilo vizuri: wanatanguliza maneno ya kuaminika kushoto, wanayarefusha, na domeni yao halisi inabaki huko mwisho ambako hujafika kusoma. Domeni husomwa kutoka kulia, ukianzia kipande cha mwisho.

Kwa hiyo nikaamua: fupi!

Ukianza kutafuta jina fupi unakutana na hesabu, na hesabu haina huruma. Majina ya herufi mbili, kwa alfabeti ya a hadi z, ni 676 tu. Ya herufi tatu ni 17,576. Ya nne 456,976. Unaona ni mengi, lakini upande wa com yote yamekwisha kuchukuliwa, hadi yale yasiyotamkika. Ya herufi moja ndiyo kabisa, machache yaliwahi kusajiliwa, mengine yakafungiwa mwaka 1993. Moja ya yale yaliyowahi ni x.com, ambayo mwaka 1999 ilikuwa kampuni ya fedha na mwaka 2023 ikawa nyumba mpya ya Twitter. Na wenye pesa wananunua kwa bei za kutisha. Facebook walilipa dola milioni 8.5 mwaka 2010 kuipata fb.com, waliyouziwa na chama cha wakulima cha Marekani, Farm Bureau. Wakulima wale walivuna.

Sisi wengine tunabaki na ujanja. Ujanja wa kwanza ni kung'oa irabu, kama tovuti za Flickr na Tumblr zilivyoitupa e kabla ya r. Nikajaribu kwa cherehani: chrhn. Ni kama mtu anakohoa. Kiingereza kinavumilia kupoteza irabu kwa sababu tahajia yake na matamshi yake hayaonani tangu zamani, msomaji amezoea kubahatisha. Kiswahili tunaandika tunachosema. Silabi yetu inafunga kwa irabu, ukiitoa umetoa neno lenyewe, umebaki na mifupa.

Ujanja wa pili ni wetu wenyewe: kuunganisha vichwa vya maneno. Chakula cha jioni kikawa chajio, upungufu wa kinga mwilini ukawa UKIMWI. Nikachukua uka- ya ukarabati, che- ya cherehani, za- ya zamani.

Ukacheza.

Nawaambieni ukweli, usiku ule sikulala kwa furaha. Herufi nane! Inatamkika, ina irabu zake zote, hakuna asiyejua kuiandika. Ilikuwa huru. Nikaisajili saa hiyo hiyo, nikaagiza stika 500.

Barua pepe ya kwanza iliyoingia iliuliza timu gani ina uwezekano mkubwa wa kushinda Jumamosi. Ya pili ilitoka kwa mzazi anayetafuta michezo ya watoto wa miaka minne. Kulikuwa na mmoja aliyetaka kujua kama tunafundisha ngoma, akaniandikia mara tatu kwa heshima kubwa. Wa cherehani hawakuja, kwa sababu ambayo ningeigundua mapema kama ningetulia dakika tano: "ukacheza" ni neno la kawaida la kusimulia. Mpira ukacheza, mkono ukacheza, wewe ukacheza. Ukiliandika kwenye kisanduku cha kutafuta unaletewa hadithi za dunia nzima, na mimi niko chini huko kama sindano kwenye nyasi. Jina lilikuwa fupi, tamu, na halikuwa langu. Lilikuwa la kila mtu anayesimulia.

Hapo katikati nilifanya kosa lililoniuma kuliko yote, na wala halihusu urefu. Nilipohamia ukacheza niliielekeza domeni ya zamani kwenye mpya, mambo yakaenda, kisha ulipofika muda wa kulipia upya ile ndefu nikasema ya nini, liache life. Mtu husajili domeni kwa muda, miaka 10 kwa mkupuo ndiyo mwisho kwa com, na ukiiacha haifi siku ile ile. Baada ya msajili, yaani kampuni uliyoilipa, kuifuta kuna siku 30 ambazo unaweza kuikomboa kwa kulipa zaidi, kisha siku tano za kusubiri kufutwa kabisa, kisha inarudi sokoni. Yangu haikukaa sokoni. Aliyeichukua akaweka matangazo ya kamari. Na viungo vyote ambavyo watu walikuwa wameviweka kwa miaka kuelekea makala zangu za kurekebisha mvutano wa uzi vikawa vinapeleka watu kule. Google wenyewe wanashauri uelekezaji uendelee angalau mwaka mzima ukihama. Mimi nasema lipia hiyo ya zamani mpaka uchoke, halafu uendelee kulipia.

Nilikuwa karibu kuingia kwenye kosa la tatu. Kuna mtindo wa kuifanya nukta iwe sehemu ya neno, ukitumia kile kipande cha mwisho ambacho ni cha nchi fulani: youtu.be inatumia kile cha Ubelgiji, bit.ly cha Libya. Nikagundua, nikiwa nakunywa maji jikoni, kwamba Nikaragua ni ni. Yaani Kiswahili kizima kinaishia Nikaragua! Nyumba.ni, soko.ni, shamba.ni, njia.ni. Na chereha.ni. Nilicheka peke yangu.

Kicheko kiliisha niliposoma yaliyowapata wengine. Kipande cha nchi ni cha nchi, wao ndio wanaopanga nani akae na kwa masharti gani. Mwaka 2010 mamlaka ya Libya iliizima vb.ly, tovuti ya kufupisha viungo, kwa kuwa maudhui yake hayakupatana na sheria zao. Na hata usipozimwa, watu hawajui nukta inakaa wapi. Ile tovuti ya kuhifadhi viungo, del.icio.us, ilihangaika na nukta zake tangu 2003, na mwaka 2008 ikahamia delicious.com, ndefu kidogo na isiyo na fumbo. Duka la mtandaoni la Overstock nalo mwaka 2011 lilijiita O.co. Herufi moja, nukta, herufi mbili; fupi kuliko hiyo utaipata wapi? Watu wakawa wanaandika o.com, ambayo haikuwepo. Kabla mwaka haujaisha wakarudi kwa jina lao la zamani, lenye herufi tisa.

Basi mara ya tatu niliacha kuhesabu herufi nikafanya jaribio. Niliandika majina sita kwenye karatasi, nikawapigia watu watatu: shemeji yangu, mteja mmoja wa siku nyingi, na kijana wa jirani ambaye hajui cherehani inaanzia wapi. Nilimtajia kila mmoja jina mara moja, sikurudia, nikamwomba aniandikie alichosikia kwa ujumbe. Shemeji alidhani nimepatwa na jambo.

"Chrhn" nililiweka kwa utundu tu. Herufi tano. Hata mimi sikujua nilitamkeje, na hakuna aliyepatia. "Fundicherehani" ikaja na tahajia mbili tofauti, kama nilivyotarajia, na mteja akaniuliza siku hizi nashona nguo? Kumbe fundi cherehani kwa watu wote ni mshonaji, mimi ndiye niliyesahau. "Sindanonauzi": kijana akaandika "sindano nauzi", halafu akauliza kama ni mambo ya hospitali. "Uziusiokatika" mmoja alipatia, wawili wakameza ile i ya "usio".

Jina la tano nililitia kwa kudadisi: harakaharakahainabaraka. Herufi 23, tano tu pungufu ya lile balaa langu la kwanza. Wote watatu walilipatia. Herufi kwa herufi, bila kuuliza kitu. Kijana alinijibu kabla sijakata simu. Na sababu iko wazi: hakuna aliyehitaji kulisikiliza. Methali ilikuwa kichwani mwao tangu utotoni, mimi niligusa tu mwanzo, iliyobaki wakaitoa wenyewe. Mtu hashiki herufi 23. Anashika kitu kimoja.

Karibu nilichukue. Linafaa hata kikazi, maana mashine ya miaka 80 ukiiharakisha unavunja meno ya gia. Lakini nilijaribu kuliandika kwenye simu yangu kwa kidole gumba, na simu, kwa wema wake, ikawa inatia nafasi kila baada ya "haraka". Ikabidi nizifute moja moja. Halafu nikakumbuka lile sanduku la fomu.

La sita lilikuwa tungauzi.

Tunga uzi, kama mtu anayekuambia upitishe uzi kwenye tundu la sindano. Ndilo jambo la kwanza unalofanya na cherehani, na ndilo la kwanza mashine inapogoma: toa uzi, utunge upya, nusu ya magonjwa yanaisha hapo. Halina kiunganishi. Hakuna irabu mbili zinazofanana zilizokaa jirani. Halina neno lenye tahajia mbili. Shemeji alilipatia, mteja alilipatia, kijana aliandika "tunga uzi" kwa nafasi katikati lakini nafasi si kosa, hujifuta yenyewe ukimwambia ni pamoja. Na ukilitafuta mtandaoni hukutani na hadithi ya kila mtu.

Hebu lihesabu. Ni herufi nane. Ukacheza nayo ilikuwa nane.

Facebook walianza 2004 wakiwa thefacebook.com, na mwaka uliofuata wakalipa dola 200,000 ili waondoe hizo herufi tatu za mwanzo. Niliposoma habari hiyo zamani nilidhani walinunua ufupi. Sasa nadhani walinunua kile ambacho watu walikuwa wanasema tayari. Hakuna aliyekuwa anaitamka ile "the".

Kwa hiyo wewe wa ngozi, orodha yako ile ya majina 11 nimeiona. Yatoe yote yenye "za". Lile la "ngz" tusiliongelee. Yaliyobaki usiyatazame, yapige simu. Mama yako umtajie mara moja, na mtoto wa dukani, na mtu mmoja asiyekupenda sana, maana huyo hatakuhurumia. Ukipata ambalo wote wamelipatia, angalia kama linaenea kwenye stika. Na kabla ya kulipa liandike lote kwa herufi ndogo, bila nafasi, ulilaze usiku mmoja, asubuhi ulisome kama hulijui.

Wiki iliyopita mama mmoja alipiga, cherehani yake ya miguu inaruka mishono. Nikamwambia kwenye tovuti kuna picha za namna ya kugeuza sindano, aingie tungauzi nukta com.

"Tunga uzi? Huu huu wa kushonea?"

"Huo huo, mama."

"Haya." Akakata simu. Nilibaki nimeshika yangu sikioni, nikisubiri swali.

Stika za ukacheza zimebaki zaidi ya 400 kwenye droo. Upande wa nyuma ni mweupe, naandikia namba za sindano.